Mstari wa Njano

Mshukiwa aliletwa kabla chai ya Mama Tena haijapoa, na hilo peke yake lilimkera. Alikuwa ameomba aachwe kidogo akae bila kuulizwa kitu na mtu. Alichopata ni muda wa kuvua kiatu kimoja.

Jina lake halisi lilikuwa mlangoni, kwa rangi iliyokwisha kubanduka, lakini kituo kizima, kuanzia mkuu hadi mfagizi, kilimwita Mama Tena. Lilitokana na namna yake ya kuhoji. Mtu akishamaliza kueleza, akashusha pumzi akidhani mambo yamekwisha, yeye huegemea kiti na kusema, "Hebu tena." Wapo waliokiri makosa si kwa uzito wa ushahidi bali kwa kuchoka. Ila siku hizi yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitangulia kuchoka.

"Kaa, baba," alisema, akikitafuta kiatu kwa kidole cha mguu chini ya meza.

Mtu yule alikaa. Alikuwa mwendeshaji wa mageti ya bwawa, mabega mapana, bado amevaa shati la kazi alilokamatwa nalo. Kazini walimwita Shemeji. Alioa dada wa mtunza stoo, basi stoo nzima ikamwita shemeji, kisha jikoni, kisha ofisini, mpaka meneja, mtu aliyetoka kwingine kabisa, naye akamwita hivyo hivyo. Sasa hata askari wa mahabusu walisema, "Shemeji, chakula hiki hapa."

Shauri lenyewe lilisimulika kwa maneno machache. Jumanne asubuhi, jua likiwaka, mageti yote ya bwawa yalijifungua kwa mkupuo. Chini kule mtoni, penye mawe mapana, mtu na mdogo wake walikuwa wakifua mazulia ya watu. Mazulia yalikutwa yamenasa kwenye nguzo za daraja. Mkubwa alipatikana kesho yake. Mdogo alikuwa bado.

"Nieleze kazi yako," alisema Mama Tena. "Kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Nimeshaeleza, afande."

"Hebu tena."

Shemeji alitazama dari. "Huko juu mtoni, mbali, kuna nguzo yenye kipimo. Inatuma kina cha maji kwa redio. Mtambo wetu unapokea, unapiga hesabu, unaniambia la kufanya. Fungua geti kidogo, fungua zaidi, au usifungue. Mimi nikiafiki nabonyeza Kubali. Nisipoafiki, Kataa. Basi. Tukifungua mapema, kidogo kidogo, maji yakija yanakuta nafasi. Tukichelewa, bwawa linajaa, na likijaa kupita kiasi mageti yanafunguka yenyewe yote, ukuta usije ukapasuka."

"Jumanne mtambo ulikuambia nini?"

"Usifungue."

"Na wewe?"

"Nikabonyeza Kubali. Namba ilikuwa ndogo. Rangi ya kijani. Dirishani jua. Ningekataa kwa lipi?"

"Mvua ilinyesha huko juu tangu alfajiri. Ile nguzo iliangukiwa na mti, ikafa. Namba uliyokuwa ukiitazama ilikuwa ya kabla ya mti."

"Najua sasa hivi. Pale sikujua."

"Meneja wako anasema ulionywa. Kuna mstari wa njano hutokea, unasema taarifa ni ya zamani. Anasema ulitokea, na wewe hukuuona kwa kuwa ulikuwa umelala. Kwenye droo yako kumekutwa mto."

"Mto gani?"

"Mto wa kulalia, Shemeji. Siyo ule mwingine."

Kidogo acheke. Uso ulijaribu, ukashindwa. "Ule ni wa mgongo. Viti vile vilinunuliwa na mtu asiyekaa. Waulize wote, kila mtu ana kitu chake cha kuegemea. Na mstari wa njano haukuwepo."

Mama Tena alikuwa ameshawauliza wote. Mwendeshaji mmoja alisema mstari ulikuwepo, mwingine hakumbuki, wa tatu aliomba kwanza azungumze na meneja. Alisogeza kikombe pembeni, akaacha katikati ya meza wazi, kisha akamwekea Shemeji vitu vilivyokuwa karibu: kiberiti, kisahani, kidau cha stempu, rula fupi, vifuniko viwili vya soda.

"Nipangie hiyo skrini. Kama ilivyokuwa Jumanne."

Shemeji hakufikiri. Kisahani kilikwenda kushoto: ramani ya mto. Kidau cha stempu kulia juu: kina cha maji. Rula chini ya kidau: pendekezo la mtambo. Vifuniko viwili juu ya rula: Kubali na Kataa. Alisukuma rula kwa kidole hadi ikagusana na kidau. Kiberiti kilibaki bila kazi.

Mama Tena alivikusanya vyote kwa mkono, akamwita koplo wake, akampa maagizo marefu kuhusu mafuta ya gari, akazungumzia matairi, kisha akamgeukia mshukiwa. "Hebu tena."

Vikapangwa vilevile. Kati ya kidau na rula, hata karatasi isingepita. Mtu anayesema uongo juu ya jambo dogo huwa analipamba mara ya pili. Huyu alipanga kama mtu anayetandika kitanda chake mwenyewe.

"Hapa katikati hapakuwahi kuwa na kitu?"

"Zamani palikuwa na huo mstari. Ukawa unawaka kila mara, redio ya kule juu inakohoa tu, unawaka. Kabla ya wale wageni wa ukaguzi kuja, siku moja nikaingia zamu, haupo. Nilifurahi, nisikudanganye."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, afande, kwamba kelele imekwisha?"

Alirudishwa ndani. Mama Tena aliinywa chai ikiwa baridi, akatoka. Kwenye benchi la nje alikaa mama wa wale ndugu wawili, kama alivyokaa jana na juzi, kanga imefungwa vizuri, mkoba magotini.

"Bado?" aliuliza yule mama.

"Bado, dada."

Mama yule aliitikia kwa kichwa, na Mama Tena akapita haraka kuliko goti lake lilivyopenda.

* * *

Lifti ya jengo la bwawa ilikuwa mbovu. Walipanda ngazi, koplo mbele, Mama Tena nyuma akishika chuma cha pembeni na kuilaumu kila ghorofa kimoyomoyo. Meneja aliwapokea juu akiwa na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata mkate, na chupa mbili za maji baridi.

"Pole na ngazi, mama. Tumeshaandika barua kuhusu lifti."

"Barua huwa hazipandishi mtu," alisema Mama Tena, akapokea maji.

Chumba cha kuongozea mitambo kilikuwa cha baridi, kama duka la nyama. Skrini kubwa moja ilining'inia ukutani, na juu ya meza ya mwendeshaji ilisimama nyingine, pana, fremu yake imechubuka. Aliyeshika zamu alikuwa mwanamke wa makamo aliyejifunika shuka kwa sababu ya kiyoyozi. Alisema amerudi kazini jana tu kutoka likizo ya uzazi wa bintiye, na kwamba yeye hajui lolote la Jumanne, kwa sauti ya mtu aliyeshukuru kutojua.

Mama Tena alitazama skrini ya mezani. Ramani kushoto. Kina cha maji kulia juu. Chini yake nafasi, upana wa vidole viwili, tupu. Chini ya nafasi, pendekezo, na vitufe viwili.

Nafasi ile aliitazama sana. Kumbe Shemeji alikuwa muongo.

"Niruhusu nikuonyeshe," alisema meneja. Alipiga goti nyuma ya meza, akachomoa waya mmoja. "Hapa mtambo haupati tena taarifa kutoka juu. Subiri kidogo."

Walisubiri. Koplo alipiga miayo. Kisha kwenye ile nafasi tupu mstari wa njano ulijitandaza kutoka upande huu hadi ule, una maneno meusi: TAARIFA YA ZAMANI. THIBITISHA KWA SIMU.

"Kipofu angeuona," alisema meneja kwa upole. "Na kama hilo halitoshi, mtambo unaweka kumbukumbu. Jumanne, alfajiri ileile nguzo ilipokufa, onyo lilitumwa. Nimeshawapa watu wenu."

"Lilitumwa wapi?"

"Kwenye skrini."

"Mtambo unajua kwamba limetumwa. Unajua kwamba limeonekana?"

"Kuona ni kazi ya macho ya mtu, mama. Shemeji ni mtu mwema. Hata mimi naumia. Lakini tangu mkewe ajifungue amekuwa akija amechoka."

"Sote tunakuja tumechoka. Wewe ulijua lini kwamba nguzo imeanguka?"

"Adhuhuri. Baada ya maafa. Mlinzi wa kule juu alinipata kwa shida."

"Hebu tena."

"Adhuhuri," alirudia meneja, akitabasamu kama mtu anayemwelekeza mgeni barabara. Koplo aliandika.

Hapo ndipo safari ilipoonekana imekwisha. Mama Tena alianza kupanga kichwani yale maneno ya kumwandikia mkuu wake: mwendeshaji alionywa, hakujali, afikishwe mahakamani. Alikuwa na mafaili mengine mawili mezani. Angewahi nyumbani mapema leo.

Meneja alirudisha waya, lakini mstari wa njano haukutoka. "Huwa lazima tuuwashe upya," alisema, akabonyeza kitu. Skrini ikawa tupu, rangi ya majivu kutoka pembe hadi pembe.

Skrini tupu ile ilikuwa na kitu ndani yake.

Ilikuwa kama meza iliyokaliwa na vyombo moto kwa miaka. Pale kwenye majivu kulikuwa na kivuli hafifu cha ramani, upande wa kushoto. Kulia juu, kivuli cha boksi. Kabla Mama Tena hajainama vizuri, picha ilirudi na kuvifunika vyote.

"Zima tena," alisema.

"Mama, haipendezi kuizima mara kwa mara. Kuna maji huko nje."

"Ile ya ukutani inaonyesha yaleyale. Zima hii tena."

Yule mwanamke wa shuka alinyoosha mkono akaizima yeye. Majivu. Koplo alisogea akakunja uso.

"Ni kama televisheni ya kinyozi wangu," alisema. "Ile nembo ya stesheni pembeni haitoki hata akibadilisha. Imejichapa."

"Hizi hazizimwi," alisema mwanamke wa zamu. "Usiku na mchana, picha ileile. Lazima ijichape."

Mama Tena aliomba plasta. Yule mwanamke alikuwa nayo ya karatasi, ya kubandika miguuni pa viti visiharibu sakafu. Koplo alikata vipande, na kwa ncha ya kidole, akifuata anavyoelekezwa, akabandika juu ya kioo kando ya kila kivuli. Ukingo wa chini wa boksi la kina. Ukingo wa juu wa boksi la pendekezo. Plasta ya kwanza na ya pili zilikaa mahali pamoja, moja juu ya nyingine, kwa sababu kati ya vivuli viwili vile hapakuwa na nafasi. Chini kidogo, ukiweka jicho pembeni, ungeweza kusoma mzimu wa neno KUBALI. Koplo akaupigia mstari kwa plasta.

"Washa."

Picha ilirudi. Boksi la kina lilikaa ndani ya plasta zake sawasawa. Lakini boksi la pendekezo lilikuwa limeteremka vidole viwili, na plasta iliyokuwa chini ya mzimu sasa ilipita katikati ya kitufe halisi, ikalikata neno KUBALI kichwa na kiwiliwili.

Kiyoyozi kiliendelea kunguruma.

"Hilo ni doa," alisema meneja. "Skrini kuukuu."

"Doa lenye pembe nne." Mama Tena alivuta kimojawapo cha vile viti vilivyonunuliwa na mtu asiyekaa, akakaa. "Picha isiyo na nafasi imekaa hapa mpaka ikaingia kwenye kioo. Hii yenye nafasi haijaacha hata unyayo. Imefika juzijuzi. Nani aliileta?"

"Mimi si fundi, mama. Nasimamia watu. Yuko binti aliyeibuni hiyo skrini, kazi yake ndiyo hiyo, kupanga nini kikae wapi. Lakini yuko likizo, ana mambo ya kifamilia. Nisingependa asumbuliwe."

"Mimi pia nisingependa. Koplo, chomoa hii. Tunaondoka nayo."

Koplo aliitazama skrini, akautazama mlango wa ngazi, akavua koti.

* * *

Mbunifu wa skrini alikaa upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyonukia nguo za moto. Alikuwa akipiga pasi. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, nywele zimesukwa vizuri, mistari midogo midogo isiyoanza hata kufumuka. Aliwakaribisha, akaondoa nguo kwenye viti, akabaki amesimama kana kwamba wao ndio wenye nyumba.

"Ni habari za Shemeji," alisema.

"Ni habari za skrini, mwanangu. Keti."

Hakuketi. "Alikuwa mtu wa kwanza kunikaribisha pale. Kabla sijachora chochote nilikaa nyuma yao, zamu baada ya zamu, nikitazama macho yao tu. Walidhani nimetumwa kuwachunguza. Shemeji akaniletea kiti na mto wa mgongo."

"Na macho yao yalikuambia nini?"

Hapo alipata nguvu kidogo, kama mtu aliyeulizwa kuhusu mtoto wake. "Macho ya mtu wa zamu hayasomi, mama. Yanapapasa. Yanatafuta kilichobadilika. Sasa mtambo huu hatari yake ndiyo hiyo. Redio ikifa, namba inasimama. Na namba iliyosimama inafanana kabisa na mto uliotulia. Ndiyo maana niliweka ule mstari. Niliuweka kati ya namba na pendekezo makusudi, ili mtu asiweze kutoka kwenye moja kwenda kwenye nyingine bila kuuvuka."

"Halafu ukautoa."

"Nikautoa." Aliichomoa pasi ukutani, akaisimamisha. "Redio ya kule juu ilikuwa mbovu. Mstari ukawa unawaka hovyo, waendeshaji wakauzoea, wakaacha kuuona. Wageni wa ukaguzi wakawa wanakuja. Meneja akasema wakiona njano watadhani tuna ugonjwa, toa mpaka redio itengenezwe. Nilikuwa na njia nyingine. Namba yenyewe ififie taratibu kadiri inavyozeeka, mpaka iwe kama maandishi yaliyofutwa. Akasema hiyo baadaye. Nilijiambia, kwani nani anautazama tena. Na ilikuwa kweli. Ukweli huo ndio ulionirahisishia."

"Redio ilitengenezwa?"

"Hapana."

"Nani aliyerudisha mstari?"

"Mimi. Hapa hapa, kwenye meza hii. Jumanne mchana."

"Na unajua Shemeji yuko wapi tangu Jumanne jioni."

"Najua."

Mama Tena hakumsukuma. Alikuwa ameshaona mlango huu ukifunguka mara nyingi, na alijua kwamba ukiusukuma hujifunga. Alingoja huku koplo akisoma maandishi kwenye fulana iliyokuwa juu ya rundo.

"Nilitumwa," alisema mbunifu hatimaye. "Alinitumia ujumbe wa sauti. Baadaye, jioni, alipiga akaniambia tuwe kitu kimoja, kwamba Shemeji ana mwanasheria wa chama cha wafanyakazi, hatafungwa, lakini sisi tusio na chama tutaozea ndani. Akanipa likizo."

"Niusikie huo ujumbe."

Alileta simu kutoka chumbani, akaitafuta sauti, akaiweka juu ya meza ya pasi. Ilikuwa sauti ya meneja bila shaka, lakini bila ule ulaini wa chupa za maji baridi. Alikuwa akitembea, pumzi zilisikika.

"Dada, sikiliza. Ule mstari wa njano urudishe. Urudishe sasa hivi. Nimepigiwa, nguzo ya juu imekwisha, imeangukiwa na mti, na huko juu maji si mchezo. Rudisha kimyakimya. Na usipige simu chumbani, umenielewa? Usipige chumbani."

Koplo aliinua kichwa kutoka kwenye fulana.

"Hebu tena," alisema Mama Tena.

Ilisikika tena. Safari hii hakuwa akisikiliza maneno. Aliinama akasoma saa iliyoandikwa chini ya ule ujumbe, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akasoma upya.

Tangu asubuhi alikuwa amelifikiria jambo hili kama kufagia baada ya ajali. Watu wamekufa, meneja ameogopa, amerudisha mstari ili aonekane mwendeshaji ndiye aliyezembea. Ni uovu wa kawaida, wa mtu mwoga. Lakini ujumbe uliingia saa mbili kasoro asubuhi. Mageti yalijifungua saa tatu imepita. Saa mbili kasoro, wale ndugu wawili walikuwa labda bado wanashusha mazulia kutoka kwenye mkokoteni.

"Alituambia alipata habari za nguzo adhuhuri," alisema koplo taratibu.

"Mara mbili alituambia." Mama Tena alimgeukia mbunifu. "Alikuwa na simu mkononi. Angepiga chumbani, akasema, Shemeji, fungua. Kwa nini akutafute wewe?"

"Simu ya chumbani inarekodiwa, mama. Kila neno. Angesema nguzo imekufa, Shemeji angeuliza mbona skrini haisemi. Na jibu lake lingebaki kwenye ile kanda. Nadhani alitaka mstari uwepo kwanza. Shemeji auone mwenyewe, afungue mwenyewe, na isijulikane kwamba uliwahi kutoka." Aliuzungusha waya wa pasi mkononi. "Sidhani kama alitaka mtu afe. Alitaka tu mambo yaende sawa bila yeye kuonekana."

"Na mchana, watu walipokuwa wameshakufa, wewe ukaurudisha."

"Mchana sikujua kuna waliokufa. Nilisikia redioni jioni."

"Ujumbe uliusikia saa ngapi?"

Mbunifu aliinua mkono, ukaenda wenyewe kichwani, kwenye ile mistari midogo iliyosukwa, ukabaki pale.

"Ulipoingia," alisema.

Mama Tena alisubiri.

"Nilikuwa saluni. Nimekaa, kichwa nusu kimesukwa nusu bado. Nikausikiliza mwanzo tu. Urudishe mstari, urudishe sasa hivi. Nikaukata. Nikasema, huyu leo utoe, kesho urudishe, kila siku ana lake. Nikimaliza kichwa nitaurudisha." Alizungumza akiitazama pasi. "Kompyuta ilikuwa kwenye mkoba, miguuni kwangu. Ni kazi ya dakika chache. Nilipofika nyumbani nikala kwanza. Mwisho wa ujumbe niliusikia jioni, baada ya redio."

Nje mtu alipita akiburuta kitu cha chuma. Koplo alikuwa ameshatoa simu yake, akamtazama bosi wake, akapewa ishara, akatoka uani. Walimsikia akiomba gari liende bwawani, akitaja cheo cha meneja, akisema hapana, si kwa mahojiano, aletwe akiwa amekamatwa.

"Mama," alisema mbunifu. "Wewe umezungumza na Shemeji. Ningeurudisha palepale, angeuona?"

Zilikuwepo njia nyingi za kulikwepa swali lile. Angeweza kusema yeye si mtaalamu. Angeweza kusema hayo ni ya mahakama. Kwa miaka mingi alikuwa amewaambia watu hivyo, na baadhi yao walilala usingizi kwa sababu hiyo. Lakini alikumbuka mtu yule akisukuma rula kwa kidole mpaka ikagusana na kidau, bila kufikiri, mara mbili, na siku ile hakuwa na nguvu zilizobaki za kutafutia uongo maneno.

"Angeuona," alisema. "Ungekuwa kitu kipya. Angeuona, angepiga simu juu, angefungua."

Mbunifu aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayepokea maelekezo ya kazi. Alikunja shati lililokuwa mezani, akaliweka juu ya rundo, akalinyoosha ukingo. Kisha akaangaza chumbani kutafuta viatu vyake.

"Nichukue simu?"

"Simu nitaibeba mimi."

"Kitambulisho?"

"Chukua. Na sweta," alisema Mama Tena, akishika mkono wa kiti ili ainuke. "Usiku mle ndani huwa baridi."